Birika na Simu ya Upepo

Bangili yangu ya kwanza ilikuwa ya wizi. Nalisema mapema ili lisije likanisumbua katikati ya habari. Ilitokana na waya wa shaba wa simu uliopita kandokando ya barabara kuu, kutoka Mbeya kwenda Tunduma, waya mmoja juu ya nguzo. Aliyeukata alikuwa mjomba wangu, mwanakwaya, mtu wa kusali asubuhi na jioni. Aliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akanivisha mwenyewe. Nyumbani kwetu Mbozi, kule kwenye kahawa na mahindi, msichana asiyekuwa na kipande cha simu mkononi alionekana hana ndugu wanaomjali. Serikali ilipiga kelele, machifu wakatoza faini, na sisi tukashusha mikono ya magauni.

Hata hivyo waya wenyewe tuliuheshimu. Tukitoka mashambani tulikuwa tukitega sikio kwenye nguzo kuusikiliza ukivuma, na tuliamini kabisa kwamba yale ni maneno ya watu yanapita. Bibi yangu alisema ni Wazungu wanasengenyana. Lakini ulikuwa waya dhaifu. Mchwa walikula nguzo, tembo walijikuna kwazo mpaka zikalala, mvua kubwa ikiangusha moja basi zinafuatana tatu. Na hao akina mjomba ndio sisemi. Waya wenyewe haukufika kila mahali. Saza kwenye dhahabu, kule chini bondeni, haukushuka kamwe. Mtu akiumia kule, habari zake zilipanda ukingo kwa miguu ya mtu mwingine.

Vita vya pili vilipokwisha akarudi kijana mmoja wa Ndalambo, Mnamwanga, ambaye kule Burma alikuwa amebebeshwa mgongoni sanduku la kuzungumzia. Nilikutana naye kwenye arusi ya rafiki yangu. Akanishika mkono mbele za watu, nikadhani ananipenda, kumbe anachunguza bangili.

"Hii ni ya laini ya Tunduma," akasema. "Unene wake naujua."

Nikamwambia aniripoti au aniachie mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Mwaka uliofuata alinioa, na nikawa mkwe wa watu wa Ndalambo, jambo ambalo baadaye lilinitoa jasho.

Kazi aliyoipata mume wangu ilikuwa juu ya kilima. Serikali ilitaka kujaribu simu ya upepo, isiyo na waya wala nguzo, iunganishe polisi wa mpakani Tunduma, migodi ya Saza, na boma na hospitali ya Mbeya. Masanduku yaliletwa, yakawekwa kila mahali, yakawashwa, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Milima ilikuwa katikati, na Saza iko shimoni. Fundi Mzungu akazunguka na sanduku moja kwenye lori kwa majuma mengi, akipanda na kushuka, mpaka alipofika kwenye kilima kimoja cha Mbozi, pale ambapo nchi ya juu inakatika ghafla na bonde linaanza. Pale akawasikia wote watatu. Basi ikaamuliwa kwamba pale akae mtu. Saza wakisema neno, mtu wa kilimani analipokea, anageuza swichi, analisema tena kwa Mbeya. Mbeya wakijibu, analirudisha Saza. Ilikuwa kazi ya wapagazi, wa kupokezana mzigo begani, ila mzigo wenyewe ulikuwa maneno. Mtu huyo alikuwa mume wangu.

Tulipewa nyumba ya vyumba viwili vya matofali mabichi, iliyoezekwa bati. Chumba kimoja tulilala, cha pili tulipika na sanduku likakaa mezani, na betri zake kubwa za lori chini ya meza. Nje kulikuwa na nguzo ndefu ya mti yenye waya juu yake. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na ndoo kichwani, nikasikia sanduku likikwaruza, kisha mtu akasema waziwazi, "Kilima, hapa Tunduma. Mwulize Mbeya sabuni yetu imefikia wapi. Ova."

Sabuni! Niliitua ndoo nikalia. Mwendo ule wa kutoka Tunduma nilikuwa nimeutembea kwa miguu yangu, nikalala njiani Chapwa kwa watu nisiowajua, nikaamka nyayo zimevimba. Na huyu askari alikuwa ameuvuka mwendo wote kabla sijavuta pumzi, kwa ajili ya sabuni. Mume wangu alicheka akaniambia nitazoea. Nimekuwa mzee sasa, na sijazoea.

Kitu kilichomtesa fundi Mzungu kilikuwa salamu. Kwetu huwezi kumwambia mtu neno kabla hujamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, naye akuulize zako. Betri zilikwisha mapema. Siku moja fundi alifika, akamkuta mume wangu na mtu wa Saza wako kwenye ng'ombe, akapandwa na hasira mpaka masikio yakawa mekundu. Akapiga marufuku salamu zote.

"Bwana," mume wangu akamwambia, "mtu asiyesalimiwa hasikii."

Walibishana muda mrefu, kisha wakakubaliana salamu moja, na jibu lake moja, na mwishoni ova ya kumpa mwenzako zamu. Hiyo ikawa sheria ya kilima, nami nilijifunza nayo, maana mume wangu alinifundisha kusikiliza. Mtu akienda kisimani, au akipeleka betri kujazwa nguvu Mbozi, lazima abaki mwenye masikio. "Sikiliza tu," aliniambia, "kidude cha kusemea usikiguse." Nilikigusa juma lililofuata. Nilipokuwa peke yangu nilimpa Saza habari za Mbeya, akanishukuru akaniita bwana mdogo, na sikumsahihisha.

Sasa nieleze jambo lililokuwa linatuning'inia kichwani. Kilima kilikuwa cha majaribio, masika moja tu. Kama mambo yangekwenda vizuri, ingeletwa mashine kubwa yenye mlingoti wa chuma, ambayo ingeipokea sauti na kuirusha mbele yenyewe, bila mtu wa kurudia maneno. Mume wangu angebaki kuwa mtunzaji wake. Serikali ingetoa mashine, wenye migodi wangetoa injini ya kujaza betri, na baraza la wenyeji lilitakiwa kutoa fungu lake kutoka kwenye kahawa na mahindi ya watu, ili ijengwe nyumba imara na barabara ya kupanda kilima. Kila mmoja alisema atatoa ikiwa wenzake watatoa. Baraza likikataa, sanduku linashushwa, waya unarudi, na mume wangu anarudi Ndalambo kulima ulezi.

Na mjumbe aliyepinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mzee wa Ndalambo, baba mkwe wangu.

Wengine walipinga kwa sababu za kawaida, kwamba upepo haulipiwi, kwamba waya angalau mtu anauona. Yeye alikuwa na sababu yake, na nikiwa mkweli ilikuwa sababu ya mtu mwenye akili. Katika ukoo wao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na hasa hawasemezani. Akija, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Nikimkuta njiani, naingia majanini najifunika shuka. Si chuki, ni heshima, na ni kubwa. Kukiwa na neno la lazima, mke hulisema kwa mtoto wake mdogo, mzee akalisikia "kwa bahati", naye akajibu kwa mtoto yuleyule. Asiye na mtoto husema na mbwa, au na kinu. Mambo hayo hulegea mzee anapotoa mbuzi wa kufungua kinywa, na mbuzi huyo hatolewi mpaka amepatikana mjukuu, tena mzee akipenda. Mimi mjukuu nilikuwa sijampa. Mke aliyemtolea mkwe wake sauti alirudishwa kwao. Nilimjua mmoja aliyepita na mkeka wake kichwani, na hakuna aliyemwuliza aendako.

"Hiyo simu yenu," mzee alikuwa amemwambia mwanawe, "ni sauti isiyo na mtu. Nitajuaje ninasema na nani? Nitajuaje nani ananisikia? Mnataka kulipia kitu kitakachomvunjia kila mtu heshima ya nyumba yake."

Mume wangu alirudi kutoka Ndalambo na maneno hayo, akakaa bila kula. Nikamwambia baba yake ana haki. Akanikasirikia mimi.

Siku ya baraza ilikuja katikati ya mvua. Wajumbe wa upande wa Momba, wa Ndalambo na Tunduma, walitakiwa wakusanyike Tunduma asubuhi, wapande lori mpaka Mbozi. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri na betri mbili juu ya punda, kwa sababu Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka wazee wasikilizishwe simu jioni ile na hakutaka ife mbele yao. Mimi nikabaki na betri moja iliyochoka. Nikaweka birika jikoni, nikakaa kumenya viazi, sikio moja kwenye sanduku.

Mvua ilipopungua kidogo akatokea mtu anapanda kilima kwa mikono na miguu, matope mpaka kiunoni. Alikuwa ametumwa na nyapara wa barabara. Daraja lililo kati yetu na Tunduma lilikuwa limekwenda.

"Limekwenda kabisa?" nikamwuliza.

"Mama, hilo ndilo baya lenyewe. Ukilitazama lipo. Mbao zimekaa juu vilevile. Lakini chini mto umebeba kila kitu, hakuna nguzo. Mbuzi akipita, atapita. Gari likipita, basi." Hakunywa hata maji. Alisema nyapara yuko upande huu anazuia kwa matawi, na upande wa kule hakuna mtu, naye lazima arudi. Akateremka.

Nilifuta mikono nikashika kidude. "Tunduma, Tunduma, hapa Kilima. Unanisikia? Ova."

Kimya. Nikaita tena. Sindano ya kupimia betri ikashuka kila nilipobonyeza, niliiona. Nikaita mara ya tatu, na sanduku likatoa kishindo, mtu akakohoa, kisha ikaja sauti nzito, ya taratibu, sauti niliyokuwa nimeisikia mara nyingi nikiwa nyuma ya ukuta.

"Askari hayupo. Yuko nje na wenzake, wanasukuma lori liwake. Sisi wazee wa baraza tumekaa hapa tunangoja. Mimi ni baba yake huyo kijana wa kilimani. Nipe mwanangu niseme naye."

Nitasema nilichofanya, na mcheke mkipenda. Nilikitupa kidude, nikavuta shuka nikajifunika kichwa, nikakimbilia nyuma ya mlango nikapiga magoti uso ukutani. Nilikuwa najificha kutoka kwa mtu aliyekuwa mwendo wa siku nzima kutoka nilipo.

"Halo?" sanduku likasema. "Kijana?" Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, maana kidude alikuwa bado amekibonyeza, "Mnaona? Kimekufa. Ndicho hiki tunachotakiwa kukilipia." Wazee wakacheka. Na nyuma ya kicheko chao, mbali, nikasikia lori linakohoa, linakohoa tena, linawaka.

Pale chini nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikinyamaza, wale wote wanapanda lile lori, na dereva ataliona daraja lipo. Nikisema, mzee yule atakuwa ametolewa sauti na mke wa mwanawe mbele ya wajumbe wenzake, na nitakwenda Mbozi kwa mama yangu na mkeka, na tena nitakuwa nimempa ushahidi wote alioutaka dhidi ya simu. Sitadanganya kwamba niliamua mara moja.

Birika ndilo lililoniamulia. Lilianza kuchemka, kifuniko kikigongagonga, na mimi ambaye sikuwa na mtoto wala mbwa wala kinu karibu, nikaliona. Nikanyanyuka na shuka yangu kichwani. Nikashika kidude, nikaipa meza mgongo, nikalitazama birika.

"We birika," nikasema, "nisikilize. Mwambie baba yake kijana kwamba mwanawe hayupo, ameenda kujaza betri. Mwambie daraja limekwenda. Mbao zipo juu, chini hakuna kitu. Lori lisiondoke. Birika, mwambie wasipande, kwa jina la Mungu. Ova."

Nikaachia kidude. Nilisikia mvua juu ya bati, na birika linachemka, na nikafikiri hakunisikia, au amenisikia na ametoka nje kwa hasira. Kisha akakohoa.

"We kofia," akasema yule mzee. "Wewe kofia ya askari uliyewekwa hapa mezani. Mwambie birika la kilimani nimesikia maneno yake. Liulize, nani ameliona daraja?"

Moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa hofu pamoja. Hata pale, hata katika hali ile, alikuwa ameshika adabu, na alitaka shahidi. Nikabonyeza. "Birika, mwambie kofia, ni nyapara wa barabara. Mtu wake amefika hapa sasa hivi, matope mpaka..." Sindano ikalala. Taa ndogo ya sanduku ikazimika. Kama neno la nyapara lilifika, au liliishia njiani, sikujua.

Sijui nilivyoimaliza mchana ule. Nilitoka nikasimama kwenye ukingo, kana kwamba barabara ingeonekana. Nilivua bangili nikaivaa tena, nikaahidi mambo mengi mbele za Mungu, mengine sikuyatimiza. Birika liliungua mpaka likawa jeusi.

Mume wangu alifika alasiri. Sikumweleza, nilimwambia tu aunganishe betri upesi aite Tunduma. Akaita. Askari akajibu papo hapo, na hata ile salamu moja ya halali aliiruka.

"Lori liko hapa," akasema. "Dereva hakutaka kuamini. Alisema daraja alilipita jana. Mzee mmoja alishuka akalala kwenye matope mbele ya gurudumu, akasema apite juu yake kwanza. Baba yako huyo. Ova."

"Nani aliwaambia habari za daraja? Ova."

"Wazee wanasema ni birika. Ova."

Mume wangu alikiweka kidude chini polepole, akalitazama birika jeusi, akanitazama mimi. "Umesema na baba," akasema.

"Nimesema na birika."

Alikaa kitandani, akaficha uso kwa mikono miwili, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa anafanya yote. Baadaye aliniambia niweke vitu vyangu tayari, si kwa ukali, ila tu yaliyo ya baba yake ni ya baba yake, na yeye hawezi kuyabatilisha. Nikauviringisha mkeka nikauegemeza mlangoni.

Ulisimama pale siku nyingi. Mto ulipopungua, wazee walivuka kwa gogo kule juu, wakitembea mmoja mmoja, na baraza likakaa Mbozi. Mume wangu alikwenda. Aliponisimulia usiku ule nilimwomba arudie mara mbili. Baba yake alisimama akasema kwamba alikuwa amesema simu ya upepo haina adabu, na neno hilo analichukua tena. "Waya ulikuwa unatuunganisha bila kutujua," alisema. "Kile kisanduku kilikaa katikati yangu na mtu ninayemheshimu, kikanipa neno lake bila kunipa uso wake. Hata mtoto aliyetumwa hafanyi hivyo vizuri. Mimi na wenzangu tumesimama hapa kwa sababu yake. Ndalambo tunatoa." Wa Tunduma wakasema wanatoa. Mbozi tukaona aibu kubaki nyuma, tukatoa.

"Na mimi?" nikamwuliza mume wangu.

"Kuhusu wewe hakusema neno."

Kesho yake, jua limetoka, mzee alipanda kilima mwenyewe na fimbo yake. Nilimwona mbali nikakimbilia nyuma ya nyumba. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile nguzo ya mti yenye waya juu, akaigonga kwa fimbo kama anavyogonga mgeni mlango.

"We nguzo," akasema kwa sauti kubwa, ya kunifikia. "Mwambie aliye nyuma ya nyumba aurudishe mkeka wake ndani, naona utanyeshewa na mvua. Mwambie mbuzi wake amefungwa chini ya kilima. Mbuzi wa kufungua kinywa. Najua bado hajanipa mjukuu, mwambie hilo nalijua, asinikumbushe."

Nilitaka kujibu. Kinywa kilikuwa kimefunguliwa kwa haki, mbuzi alikuwa kule chini analia, na sauti ikanigomea kabisa. Nilikohoa tu. Mzee alingoja, akangoja tena, kisha nikasikia anacheka peke yake akiteremka.

Kiangazi mashine ikaja. Watu walikuwa wamechonga barabara mpaka juu, wanaume kwa majembe, sisi wanawake kwa kubeba mchanga na maji, na siku lori lilipopandisha vipande vya mlingoti kijiji kizima kilitembea nyuma yake kimya, kama watu wanaomsindikiza bibi arusi. Ulipoinuliwa, chuma juu ya chuma, nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Fundi alichimba shimo chini yake akasema radi itahitaji shaba nyingi ya kuipeleka ardhini, na aliyokuja nayo ni kidogo. Mume wangu akanitazama mkono. Niliivua bangili yangu nikaitupa shimoni. Mwanamke mmoja nyuma yangu akavua yake, kisha mwingine. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Fundi aliziunganisha zote kwa moto na hakusema neno, ingawa nina hakika unene ule aliujua.

Siku ya kuifungua, Bwana Shauri alikuwa Mbeya na hotuba yake mkononi. Mashine ilikuwa inavuma chumbani, na hakukuwa na mtu wa kugeuza chochote. Neno likisemwa Tunduma, lilipita kwetu lenyewe likashuka Saza na kupanda Mbeya. Mume wangu alikaa kwenye kiti mikono mapajani, hana kazi, anatazama tu, na macho yake yamejaa machozi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko.

Kabla hotuba haijaanza, Tunduma ikaita. Ilikuwa ile sauti nzito.

"Kilima. Nipe mkwe wangu."

Chumba kilijaa watu na wote walinigeukia. Mume wangu alinipa kidude. Nilivuta shuka kichwani, nikaipa meza mgongo, nikalitafuta birika kwa macho. "We birika," nikaanza, "mwambie baba..." Nikaachia kidude kabla sijamaliza.

"Acha birika, mwanangu," akasema. "Sema na mimi."

Niligeuka nikaitazama ile mashine. Nikabonyeza.

"Shikamoo, baba."

Nilisikia sauti yangu ikiondoka. "Marahaba," akajibu. Kisha, kwa kuwa hakujua bado kusema ova, tukanyamaza wote wawili, na Saza na Mbeya wakanyamaza pamoja nasi.